Kompyuta Ndogo Iliyonyamaza

Mdogo wangu ndiye aliyeniletea ile kompyuta. Aliitoa Mwanza, wiki moja baada ya daktari wa macho pale Musoma kuniambia nina presha ya macho. Ilikuwa ndogo na nyepesi, unaibeba kwapani kama daftari la mahudhurio, na ilitengenezwa na kampuni ambayo sisi wote tuliijua kwa simu tu. Nembo ya mgongoni mwa simu yangu ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa kwenye mfuniko wake. Mdogo wangu ana duka la pembejeo Bunda, anawauzia wakulima wa pamba dawa na mabomba ya kupulizia. Mambo ya kompyuta hayajui. Ila aliposikia habari za macho yangu alikosa la kufanya, na yeye akikosa la kufanya hununua kitu.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alinieleza kwamba ugonjwa huu haupigi hodi. Unaanza kula pembeni, polepole, na mtu anaendelea kuona mbele yake akidhani mambo ni mazima. Nikakumbuka miimo ya milango niliyokuwa najigonga nikisingizia uchovu.

"Kilichopotea hakirudi, mama," alisema. "Tunapigania kilichobaki."

"Na kilichobaki ni kiasi gani?"

Aliandika kwanza kwenye kadi yangu, halafu akajibu, "Tumia dawa. Asubuhi na jioni, usiruke hata siku moja. Tutaangalia."

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Nafundisha historia shule ya sekondari huku Butiama, mume wangu alishafariki, wanangu wawili wako chuo. Shuleni sikumwambia mtu yeyote.

Hofu yangu ilikuwa na sura, na sura hiyo ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba. Alipofuka kabla sijazaliwa. Nyumbani walisema alilogwa na mke mwenzake, na hakuna aliyewahi kutaja ugonjwa. Alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni akipukuchua mahindi. Sisi wajukuu tulikuwaga na mchezo wetu: akiinuka, tunamhamishia kigoda. Siku moja mimi ndiye niliyekihamisha. Akarudi, akakaa, akaangukia mawe. Hakupiga kelele. Alibaki pale chini akipapasa mkono huku na huku akikitafuta, akasema kwa Kizanaki, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtoto aliyefanya hivyo asirudie. Daktari aliponiambia ugonjwa huu hurithiwa, niliuona ule mkono ukipapasa.

Daktari huyo huyo ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu mmoja anayekaa Kitaji, mwanamume asiyeona tangu utotoni, anayefundisha Kiswahili hapo Musoma. Kila Jumamosi kwa miezi miwili nilikwenda kwake. Aliweka kwenye ile kompyuta programu ya kusoma skrini, ambayo kila herufi ukibonyeza inaitaja, kila mstari ukiufikia inausoma. Sauti yake ilikuwa kavu kama bati, inasoma Kiswahili kama mgeni aliyefundishwa na mtu mwenye haraka. Mwanzoni niliichukia. Baadaye nikaizoea, na kabla sijajua nilikuwa naitegemea.

Shuleni nilikuwa navaa kisikio sikio moja. Walimu wenzangu walidhani nasikiliza kwaya. "Madam leo amebarikiwa," walikuwa wananitania, nami nacheka nao, huku sikioni ile sauti ya bati inanisomea maswali ya kidato cha tatu. Nilikuwa najiambia kwamba skrini bado naiona, sauti ni ya kunisaidia tu. Nilikuwa najiambia hivyo kila siku.

Kisha kompyuta ikaanza kuzembea. Nikibonyeza herufi, sauti inakuja baada ya muda, kama mtu aliyeitwa akiwa chumba cha ndani. Ilikuwa na windo, ule mfumo wa kuiendesha uliokuja nayo kutoka kiwandani, na windo ilikuwa inadai apdeti, yaani kujisasisha, kila mara, na kila mara inasema nafasi haitoshi. Nilifuta picha, nikafuta mahubiri niliyokuwa nimehifadhi, bado haitoshi. Kila sauti ilipochelewa, nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Nilikuwa najua urefu wa ule ukimya. Ukizidi pale nilipouzoea, nilikuwa nabonyeza tena na tena.

Siku ya Ijumaa nilikuwa ofisi ya walimu namalizia mtihani. Sauti ikakata katikati ya neno. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena. Mkuu wa shule alikuwa amesimama nyuma yangu akitafuta chaki kwenye kabati.

"Mwalimu, hapo imekuuliza swali," alisema.

"Ndiyo, nimeona."

"Sasa mbona hujibu? Ni ndiyo au hapana tu."

Nikainamia skrini. Nilitegemea kuona maandishi, hata kama yamefifia. Niliona weupe, kama sahani tupu. Nikasogeza uso, nikageuza shingo kushoto, nikageuza kulia, nikijaribu kuyadaka maneno kwa ile sehemu ya jicho iliyokuwa bado inafanya kazi. Hakukuwa na neno. Kwa wiki ngapi nilikuwa sisomi kabisa, na ile sauti ilikuwa inanificha nisijue? Nikaiweka mikono mapajani chini ya meza.

"Nafikiria," nilisema.

"Unafikiria nini tena?" Akainama, akabonyeza yeye mwenyewe. "Haya. Imekubali."

Kompyuta ikazima, ikawaka, ikazima. Ilikuwa imekubali ile apdeti isiyo na nafasi yake. Hadi kengele ya kutoka ilikuwa inajiwasha na kujizima, na mimi nilikuwa bado nimekaa mbele yake, naogopa kusimama kwa sababu nilikuwa sina hakika viti vimekaa wapi.

Nilimpigia mdogo wangu. Asubuhi yake alikuja na gari lake dogo la mizigo, tukaenda Musoma. Njiani alikuwa anaongea mfululizo, kama afanyavyo akiwa na wasiwasi.

"Dada, kosa ni la hao hao waliotengeneza. Hawa wanatengenezaga simu. Wangeweka mfumo wa simu humo, basi. Simu yako si inaongea? Si ya kampuni hiyo hiyo? Sasa windo ya nini?"

"Sijui, mdogo wangu."

"Fundi tutamwambia hivyo. Atoe windo, aweke ya simu."

Sikumwambia kuhusu ule weupe. Alijua naumwa, hakujua nimefika wapi. Nilikuwa nimegeukia dirishani kama mtu anayetazama mashamba, naye alikuwa ananionyesha mihogo ya watu, nami naitikia.

Fundi alikuwa na chumba kimoja mtaa wa Mukendo, mtu mzima, mtulivu, mwenye kikohozi cha vumbi. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi wakisubiri. Mwanamke mmoja akanisalimia, "Shikamoo madam," akaniambia mwanawe yuko darasani kwangu kidato cha pili. Nilimwitikia nikielekea upande wa sauti. Tangu hapo nikajua kwamba lolote nitakalosema humu litafika Butiama kabla yangu.

Fundi aliipima kompyuta mkononi, akaiwasha, akaisikiliza.

"Mashine haina kosa," alisema. "Kosa ni mzigo. Hii ni ndama, mmembebesha gunia la pamba. Windo ni kubwa, na diski ya humu ni ndogo, halafu imechomelewa kwenye bodi. Haitoki, haiongezwi. Nikiwawekea windo ileile, miezi mitatu tutaonana tena hapa."

"Mfumo wa simu je?" mdogo wangu akauliza.

"Unaweza kuingia. Lakini kwenye bodi kama hii mara nyingi unakataa vitu. Leo kibodi, kesho intaneti. Na madam ni mwalimu, atataka majedwali ya alama, atataka kuchapa. Mimi ningemwekea huu mfumo wa bure. Mwepesi, hauna virusi, mashine itakimbia."

"Wa bure una mashaka," alisema mdogo wangu.

"Mashaka gani? Mimi mwenyewe nautumia hapa."

Walibishana hivyo kwa muda, mmoja anatetea simu, mwingine anatetea wepesi, na mtu mmoja wa kwenye benchi akaingilia kutetea windo, kwamba ofisi zote za serikali zinatumia windo na madam ataaibika akipeleka mafaili yasiyofunguka. Mimi nilikuwa na swali moja tu. Swali lenyewe lilikuwa fupi: upi kati ya hiyo utaniongelesha? Nililiweka kwenye ulimi mara tatu. Kila nilipotaka kulitoa nilikuwa namsikia yule mama wa mwanafunzi akijigeuza kwenye benchi. Nikiuliza, atajua. Akijua yeye, Jumatatu darasa zima litajua, na kuna watoto arobaini mle wanaoweza kunihamishia kiti.

"Madam, wewe ndiye mwenye mashine," fundi alisema. "Tuweke upi?"

"Huo mwepesi," nilisema. "Ila nakili kwanza mafaili yangu."

"Hilo halina shida."

Tulikwenda kula. Mdogo wangu aliniagizia furu wa kuchemsha, ambao nilikuwa nawapenda tangu utoto, na kwa mara ya kwanza maishani niliogopa miiba. Nilikula ugali na mchuzi, samaki nikamwachia. Alisema nimekonda.

Tuliporudi fundi alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri. Aliweka kompyuta mbele yangu mezani.

"Hebu jaribu. Inawaka ndani ya pumzi tatu. Mafaili yako yote haya hapa, nimeyarudisha. Bonyeza popote, uone kasi."

Nikavaa kisikio, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza herufi moja moja, nikabonyeza vile vitufe nilivyofundishwa Kitaji, vya kuiamsha sauti. Kimya kile hakikuwa cha kuchelewa, maana hata mlio mdogo wa kuonyesha iko hai haukuwepo. Nikahisi kama nimefungiwa nje ya nyumba yangu na watu wako ndani wananitazama.

"Si unaona?" fundi akasema. "Si unaona ilivyo nyepesi?"

"Sioni," nilisema.

Nadhani alifikiri nalalamika. "Angalia hapa juu kulia, madam, hii alama..."

"Fundi, mimi sioni. Sioni chochote hapo. Nilikuwa naisikiliza, na sasa haiongei."

Mdogo wangu aliniita, "Dada," mara moja, kwa sauti ya chini, halafu nikasikia anavuta kiti akakaa karibu yangu. Sijui yule mama wa mwanafunzi alifanya uso gani. Nilisubiri mtu acheke. Hakuna aliyecheka.

Fundi alikohoa. "Ungeniambia, madam," alisema baadaye. Hakusema kwa ukali. "Mimi nimeuliza kasi, nafasi, kuchapa. Hilo la sauti sijawahi kuulizwa tangu nianze kazi. Sijui kama mfumo huu unalo."

"Kuna mtu Kitaji atajua," nilimwambia mdogo wangu.

Tulikwenda Kitaji kwa gari. Tulipokaribia, mdogo wangu akauliza, "Toka lini?"

"Jana ndiyo nimejua."

"Jana." Akazima gari, hakushuka. "Na mimi nakuonyesha mihogo." Alikuwa analia, nami nilikuwa naogopa kwamba nikianza kulia sitaacha.

Yule mwalimu wa Kitaji alitukaribisha sebuleni. Nilimweleza yote, mtihani, apdeti, fundi, benchi. Aliipokea kompyuta, akapitisha vidole kwenye kibodi, akauliza fundi ameweka mfumo gani hasa. Mdogo wangu alimsomea jina kwenye skrini.

"Kama ningekuwepo ningesema rudisheni windo," alisema. "Kwa sababu ndiyo ninayoijua mimi. Kwa hiyo ningekuwa najisaidia mwenyewe, nisikudanganye. Ngoja."

Akampigia simu rafiki yake, mwingine asiyeona, sikujua yuko mkoa gani, wakaongea kwa dakika kadhaa. Kisha akabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo. Kompyuta ikaguna, na sauti ikaanza kuongea Kiingereza kwa kasi ya ajabu. Mdogo wangu aliruka. Yule mwalimu alicheka, akaendelea kubonyeza, akipotea na kurudi, kwa zaidi ya saa nzima, kwa kuwa njia za mle zilikuwa ngeni hata kwake. Hatimaye ikasema kwa Kiswahili, kwa ile ile sauti ya bati: "Nyaraka."

"Kumbe ilikuwemo," alisema mdogo wangu.

"Ilikuwemo. Imelala tu. Hawa wanaotengeneza na wanaofunga huwa hawaiamshi, kwa sababu hawafikiri kuna mtu kama sisi atakaa mbele yake." Akanirudishia kompyuta. "Kaka, kuhusu mfumo wa simu hujakosea sana. Simu inaongea vizuri kuliko zote. Lakini dada yako anatunga mitihani, na kwa kazi hiyo huu utamfaa. Siku nyingine lakini, swali la sauti liwe la kwanza."

"Niliogopa kuuliza," nilisema.

"Najua."

"Wewe hukuwahi kuogopa?"

"Mimi nilizaliwa karibu na hali hii, sikuwa na cha kupoteza. Wewe unapokonywa. Sitakudanganya kwamba ni kitu kimoja."

Jambo hilo halikunituliza hata kidogo, ila nilishukuru kwamba hakuniambia nisiogope.

Jumatatu niliingia ofisini kwa mkuu wa shule kabla ya gwaride la asubuhi. Nilikuwa nimerudia maneno yangu njiani, lakini nilipofika yote yakanitoka, nikasema tu, "Mkuu, ile Ijumaa sikuwa nafikiria. Sikuliona lile swali."

Alinyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Siku hizi ukimya wa watu naupima kama nilivyokuwa naupima wa kompyuta.

"Na karatasi za watoto unasahihishaje?" akauliza.

"Nilikuwa natoka nje juani, naweka karatasi karibu na pua. Tangu muhula huu uanze nimekuwa nakisia."

Hilo lilikuwa gumu zaidi kulitamka kuliko upofu wenyewe. Alipumua kwa nguvu. Aliniambia ni lazima wilaya ijulishwe, niandike barua mwenyewe, na karatasi zote za muhula zisahihishwe upya. Niliandika barua kwenye ile kompyuta, nikiisikiliza neno kwa neno. Mkono ulikuwa unaenda polepole kwa sababu kila sentensi niliona kama najifukuza kazi. Mkuu aliisoma kwa sauti mbele yangu, akanirekebishia tarehe, akasaini.

Majibu yalichukua wiki tano. Katika wiki hizo nililala vibaya, na kila simu ya namba nisiyoijua ilinifanya nikae chini. Mwishowe walikuja maofisa wawili, wakakaa nyuma ya darasa nikifundisha, wakaandika. Nilisikia kalamu zao. Uamuzi ulikuwa niendelee kwa mwaka mmoja, kisha wanitazame tena. Mwalimu mwenzangu wa jiografia anasahihisha karatasi zangu, nami nachukua vipindi vyake viwili. Wanafunzi walijua, kama nilivyotarajia. Wiki ya kwanza kulikuwa na minong'ono na mtu mmoja alipita mbele yangu akipunga mkono, nikausikia upepo wake. Sasa wananitajia majina yao wanaponyoosha mikono. Hakuna aliyewaagiza.

Daktari anasema jicho la kulia limesimama, la kushoto bado linashuka. Kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani nafunika la kushoto, nafumbua la kulia, nahesabu vyuma vya dirisha. Bado ni vinne. Siku moja vitakuwa vitatu, na siku hiyo sijui nitafanya nini.

Jumamosi bado nakwenda Kitaji, ila siku hizi hatukai na kompyuta. Tunatembea. Mwalimu amenipa fimbo nyeupe, na nilikataa kuitoa nje kwa miezi miwili, nikisema nitaanza mwezi ujao. Jumamosi iliyopita tulitoka nayo. Aliniongoza kwa sauti hadi kwenye mtaro wa maji ya mvua ulio pembeni mwa barabara, akauvuka yeye kwanza, akasimama ng'ambo. Nikausikia ukingo kwa ncha ya fimbo, halafu nikausikia utupu. Nilirudi nyuma hatua mbili. Pikipiki zilikuwa zinapita, na mtu anakaanga dagaa jirani.

"Upana ni wa hatua moja," alisema kutoka ng'ambo.

"Naogopa."

"Haya," alisema. Akasubiri.

Nilipima tena kwa fimbo, nikaupata ukingo wa pili. Nikainua mguu.